Fantasi ya Jumamosi hapa Kigoma: maswali mnayoniuliza kila wiki

Wakuu habari za kazi, na kwa wa nyumbani kabisa mwakeye. Hii ni habari ya fantasi, mchezo wa kupanga kikosi cha wachezaji wa kweli na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani. Ikifika Alhamisi simu yangu haitulii, mtu wa Ujiji anauliza, wa Gungu anauliza, wa Katonga naye anakuja na swali lilelile, sasa nimeona niyaandike yote hapa ili mtu akiniuliza namrushia tu hii asome mwenyewe. Yale yanayowaliza watu hela nimeyaelezea kwa kirefu, mengine nimepita juu kwa juu.

Fantasi ya siku ndiyo ipi, si ni hiyohiyo FPL?

Hapana. FPL (Fantasy Premier League, fantasi rasmi ya ligi kuu ya Uingereza) unaijua, imeanza msimu wa 2002/03, unapewa pauni milioni 100 za mchezo tu, sio hela ya kweli, unanunua wachezaji 15 alafu unahangaika nao wiki 38 mpaka Mei. Ukiharibu Agosti unalia mpaka Mei. Fantasi ya siku inaanza na kuisha siku hiyohiyo, unapanga kikosi cha mechi za leo, usiku mnajumlisha, Jumapili hela inatoka, Jumamosi ijayo kila mtu anaanza na sifuri. Waliouzoesha ulimwengu mchezo huu ni FanDuel waliofungua 2009 na DraftKings waliokuja 2012 kule Boston, wao wanacheza zaidi na mpira wa Kimarekani, kikapu na besiboli. Sisi hapa Mwanga, Kigoma, tumechukua utaratibu wao tukaupachika kwenye ligi ya Uingereza, bei na pointi tunazitoa FPL ili kusiwe na ubishi.

Sheria zenu zikoje kwa kifupi?

Kila mtu wachezaji 6: kipa 1, beki 2, kiungo 2, mshambuliaji 1. Bajeti pauni milioni 45 kwa bei za FPL za asubuhi ya Jumamosi. Wa timu moja wasizidi 3. Kapteni mmoja, pointi zake zinazidishwa mara 2. Hamna benchi, ukimpanga mtu asiyecheza ni sifuri yako. Mechi ni zile za saa 9 alasiri ya kwao (kwetu jioni) na ile moja inayofuata (kwetu usiku), ya mapema mchana hatuihesabu. Kiingilio buku 2, mtu mmoja kikosi kimoja kwa kila shindano, na mashindano ni mawili, unaweza kuingia moja au yote.

Hayo mashindano mawili yana tofauti gani? Naona kiingilio ni kilekile.

Hapa tulia kidogo, maana ukilielewa hili mengine yote ni maelezo tu.

La kwanza tunaliita nusu kwa nusu. Chukulia mko 20, buku 2 kila mtu, inakuwa 40,000. Tunatoa 4,000 ya king'amuzi inabaki 36,000, wa kwanza mpaka wa 10 kila mmoja anakula 3,600. Wa kwanza anapata 3,600 na wa 10 anapata 3,600, hamna tofauti hata ya jero. La pili ni kombe. Hela ni ileile 36,000 ila wa kwanza anachukua 18,000, wa pili 10,800, wa tatu 7,200, wa nne mpaka wa 20 mnaangalia tu.

Sasa watu wengi wanapanga kikosi kwanza alafu ndiyo wanauliza wanaingia wapi, wanatuma kikosi kimoja kotekote. Ni kinyume. Kwanza angalia hela inagawanywaje ndipo ukae uchague wachezaji, kwa sababu kwenye nusu kwa nusu kazi yako ni kuwapita watu 10 tu, hutakiwi kuwa bora, unatakiwa usiwe mbovu. Kwenye kombe kumaliza wa nne ni sawasawa na kumaliza wa mwisho, kwa hiyo kikosi cha wastani kinachokupa nafasi ya 6 kila wiki kinakula hela yako taratibu huku unajiona unajua mpira. Kikosi cha nusu kwa nusu kinatakiwa kiwe na watu wenye uhakika wa dakika, wapiga penati, mabeki wa timu zinazocheza na vibonde, na wale ambao kila mtu anao. Cha kombe unajilipua sehemu moja au mbili, sio kote, ukijilipua kote unakuwa mchekeshaji wa grupu.

Nimchukue Haaland au nisimchukue?

Swali la kila Ijumaa hili. Haaland, mshambuliaji wa Manchester City, msimu wa 2025/26 alianza na bei ya milioni 14, ukitoa hela yake unabaki na 31 kwa watu 5, wastani wa 6.2 kwa kila mmoja, hapo bado unapata kikosi cha maana. Tatizo ni mtu anayetaka Haaland na Salah pamoja. Salah wa Liverpool, ambaye FPL walimhesabu kiungo, alianza msimu huohuo na 14.5, wawili hao ni 28.5, unabaki na 16.5 ya kipa, beki 2 na kiungo 1. Hesabu inakubali kabisa ukichukua kipa wa 4.0, mabeki wa 4.0 kila mmoja na kiungo wa 4.5, inafika 45 kamili, ila hao wanne wengi wao wanavaa bibu pembeni ya uwanja, umecheza watu 2 dhidi ya 6.

Turudi kwa Haaland mwenyewe. Usijiulize tu kama atafunga, jiulize wangapi wanaye. Kama kati ya 20 tuko 15 tuliompanga, akifunga mawili na wewe unaye umewaacha watu 5 tu, wale 14 wengine mnapanda nao ngazi pamoja. Kwa nusu kwa nusu hiyo ni safi kabisa, humkosi, maana akifunga na wewe huna umezama chini ya watu 15 na hela inaanzia nafasi ya 10. Kwa kombe inabadilika. Ukimwacha na akakaa kimya, watu 15 kwa mpigo wamepoteza milioni 14 za bajeti na wewe 14 zako uliziweka kwa watu wawili waliofunga. Itatokea kila wiki? Hapana, yule ndiye aliyefunga 36 kwenye ligi msimu wa 2022/23, siku akiamka utatukanwa na kikosi chako. Ila kombe halikulipi kwa kukosea kidogo, linakulipa siku ukipatia peke yako.

Kapteni je?

Hesabu ileile. Mshambuliaji akifunga magoli 2 anapata pointi 8, nyingine 2 za dakika alizocheza, na bonasi 3 akiwa mchezaji bora wa mechi, jumla 13, kwa kapteni ni 26. Kwenye nusu kwa nusu weka kapteni ambaye unajua wengi watamweka, kwenye kombe kama umemchukua Haaland na kila mtu atampa utepe basi fikiria kumpa mwingine, hiyo ni njia ya kutofautiana na wenzako bila kumtoa mtu kikosini. Watu hawaioni hii kabisa.

Pointi zinahesabiwaje?

Za FPL hizohizo. Kucheza chini ya dakika 60 ni 1, kuanzia 60 ni 2. Goli la kipa 10 (haitatokea msiniulize), beki 6, kiungo 5, mshambuliaji 4. Asisti (pasi ya goli) 3 kwa yeyote. Klinishiti (timu kutofungwa) kipa na beki 4, kiungo 1. Kipa kila akiokoa michomo 3 anapata 1, penati akiidaka 5, ukikosa penati unakatwa 2. Njano unakatwa 1, nyekundu 3, kujifunga 2, na kipa au beki kila wakifungwa magoli 2 anakatwa 1. Bonasi 3, 2, 1 kwa watatu bora wa mechi.

Kitu kinachowachanganya watu ni klinishiti na dakika 60. Beki wako akitolewa dakika ya 58 bado ni 0-0 anapata 1 tu, ile 4 haipo hata kama mechi imeisha bila goli. Akitolewa dakika ya 62 alafu timu yake ikafungwa dakika ya 80, 4 yake anayo, imeshaingia. Kwa hiyo beki wa pembeni anayetolewa mapema kila wiki kwa sababu kocha anataka kushambulia, muogope, hata kama timu yake ni ngumu.

Mbona siku hizi mnawasifia mabeki wa bei chee?

Kwa sababu kuanzia msimu wa 2025/26 FPL wameongeza pointi za kukaba. Beki akifikisha vitendo 10 kwenye mechi moja, yaani kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupora mpira, anapata 2. Viungo na washambuliaji wanatakiwa 12, ila wao na kurudisha mpira uliopotea kunahesabiwa. Sasa fikiria beki wa kati wa timu inayoshambuliwa dakika 90, mtu kama James Tarkowski wa Everton, kazi yake ni kupiga vichwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, anaweza kufungwa 1-0 na bado akaondoka na 4. Zamani huyo alikuwa anakuletea 2. Kwenye nusu kwa nusu hii ni dhahabu, ni pointi zisizotegemea goli. Kwenye kombe mchukue kama kijazio cha bajeti tu, 4 haikupi 18,000.

Na hapa wale mnaopenda mabeki wa timu kubwa mjue kitu: timu ikimiliki mpira muda wote mabeki wake hawana cha kuondosha, wanategemea klinishiti na asisti. Ni aina mbili tofauti za mabeki na huwezi kuwapima kwa jicho moja.

Inafaa kuchukua watu watatu wa timu moja?

Inategemea uko shindano gani, si nimesema. Kipa na mabeki 2 wa timu moja, ikitoka bila kufungwa ni 12 ya klinishiti peke yake, wote wanakula pamoja. Ikifungwa dakika ya 5 wote wamekufa pamoja. Kwa kombe hicho ndicho unachotaka, unahitaji mambo yatokee kwa pamoja ili uruke juu. Kwa nusu kwa nusu watawanye.

Ipo na ya mbele: kiungo anayepiga kona na mshambuliaji anayefunga kwa kichwa, goli moja unavuna asisti 3 na goli 4. Wamarekani wanaitumia sana hii kwenye mpira wao, mrusha mpira na mdakaji wa timu moja, tachidauni moja (goli la mpira wao) inawalipa wote wawili. Usichofanya ni kuchukua kipa wa timu hii na mshambuliaji anayecheza dhidi yake, mmoja akifurahi mwingine analia.

Mwisho wa kutuma kikosi ni saa ngapi? Kila mwezi mnabadilisha.

Sio sisi, ni Waingereza na saa zao. Wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuipeleka mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, sisi hatubadilishi kitu. Kwa hiyo Agosti mpaka Oktoba, na kuanzia Aprili, mechi zao za saa 9 alasiri kwetu ni saa 11 jioni. Novemba mpaka Machi ni saa 12 jioni. Ile mechi ya usiku ni saa 1 na nusu kipindi cha joto lao na saa 2 na nusu kipindi cha baridi. Sisi tunafunga pale mechi za jioni zinapoanza, sio kama FPL ambao wanafunga dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki.

Na hiyo ndiyo raha ya fantasi yetu, vikosi vinatangazwa dakika 75 kabla ya mechi, FPL unakuwa umeshafungiwa lakini kwetu unayo zaidi ya saa nzima ya kuangalia nani anaanza. Kipindi cha baridi list inatoka saa 10 na dakika 45 jioni, kipindi cha joto saa 9 na dakika 45. Mtu aliyetuma Ijumaa akaenda zake shambani na mtu aliyesubiri list wana mchezo tofauti kabisa. Nyota akipumzishwa, yule anayeziba nafasi yake mara nyingi ni wa bei ya chini, ameshapewa dakika 60 na zaidi, wewe umeokoa milioni 6 za kumpandisha mwingine. Wale wa kikapu Marekani pesa yao kubwa iko hapahapa, habari ya majeruhi dakika za mwisho.

Nikiwa ziwani sina mtandao nafanyaje?

Tuma kabla hujatoka Kibirizi, na weka mchezaji mbadala mmoja kwa kila nafasi, andika "asipoanza huyu, weka huyu", nitakubadilishia mimi list ikitoka. Nimekubali hili kwa sababu wavuvi wa dagaa ni wengi kwenye grupu na hawawezi kukaa na simu katikati ya maji. Ndiyo maana pia wiki za mbalamwezi ligi inajaa, dagaa haivuliwi na taa wakati mwezi unawaka, wote wapo nchi kavu na ubishi unaongezeka mara mbili.

Kuna mabadiliko baada ya mechi kuanza?

Ndiyo, kwa wachezaji wa ile mechi ya usiku tu, mpaka yenyewe ianze. DraftKings wana kitu kama hicho, mchezaji ambaye mechi yake haijaanza unaweza kumbadilisha. Hapa ndipo wajanja wanapowapigia watu bao na nashangaa mnavyolala.

Mfano. Mechi za jioni zimeisha, nimeshaweka vikosi vyote wazi kwenye grupu, uko wa 7 kwenye kombe, umepitwa pointi 9 na anayeongoza. Una Saka, kiungo wa Arsenal, kwenye mechi ya usiku, na anayeongoza naye ana Saka, wa pili naye anaye. Ukimwacha Saka, hata akifunga matatu wote mnapanda, tofauti inabaki ileile 9. Huyo Saka hakusaidii tena hata kama ndiye mchezaji bora uwanjani. Mtoe, weka kiungo wa bei hiyohiyo ambaye hakuna mwenye naye, anaweza asifanye kitu ukamaliza wa 9 badala ya wa 7 na hiyo haina gharama yoyote kwako. Ukiwa unaongoza geuza: angalia anayekufukuza ana nani, mchukue huyohuyo, umemfungia mlango. Kwenye nusu kwa nusu fanya hivyohivyo kwa mtu wa 11.

Nimeshinda wiki tatu mfululizo, mimi si fundi sasa?

Hongera, ila kaa chini tupige hesabu. Kwenye nusu kwa nusu mtu asiyejua chochote, anayechagua kwa kurusha shilingi, ana nafasi 1 kati ya 2 kila wiki. Kushinda 3 mfululizo kwa bahati tu ni 1 kati ya 8. Tukiwa 20, wawili watatu watakuwa wanatamba hivyo wakati wowote. Mtu huyohuyo wa shilingi kwenye Jumamosi 10 ana karibu asilimia 38 ya kushinda mara 6 au zaidi. Kwenye Jumamosi 100 kushinda 60 au zaidi ni chini ya asilimia 3, hapo ndipo unaweza kuanza kuvimba, na Jumamosi 100 ni misimu kama mitatu mkuu.

Kombe ni mbaya zaidi. Mchezaji wa kawaida kati ya 20 anaingia tatu bora mara 3 kati ya 20. Huyo ana karibu nafasi 1 kati ya 5 ya kukaa Jumamosi 10 nzima bila kugusa shilingi, na hajafanya kosa lolote. Kwa hiyo msiwe mnabadilisha mfumo kila mkiliwa wiki mbili, na msijione maprofesa kwa wiki moja ya mchezaji wako kufunga mawili.

Sasa nijipimeje?

Daftari. Andika tarehe, shindano gani, umetoa ngapi, umepata ngapi, pointi zako, na muhimu zaidi pointi za mtu wa 10. Usijilinganishe na mshindi, mshindi wa wiki mara nyingi ni mtu aliyebahatika, jilinganishe na wa 10. Ukiona kwa muda mrefu unampita wa 10 kwa wastani wa pointi 4 au 5 basi kuna kitu unafanya sawa hata kama hela haijaonekana. Ukiona uko chini yake na bado una faida, shukuru Mungu na usiongeze dau.

Andika pia pointi zimetoka wapi. Mtu anasema mimi nachagua washambuliaji vizuri, ukifungua daftari pointi zake zote zimeletwa na makipa.

Kwa nini nashinda nusu ya wiki na bado hela inapungua?

Ile 4,000 ya king'amuzi. Umecheza mara 10 umetoa 20,000, umeshinda mara 5 umepata 18,000, umeliwa 2,000 na hujawahi kuwa mbovu. Ili uwe sawa unatakiwa ushinde zaidi kidogo ya asilimia 55, yaani mara 6 kati ya 10 ndiyo unaona 21,600. Kila fantasi ya hela duniani ina makato ya aina hii, na makato yakipanda kidogo tu hata mtu mzuri anageuka wa hasara, kwa hiyo ukialikwa kwenye grupu jingine uliza kwanza wanakata ngapi kabla hujauliza zawadi. Angalau sisi makato yetu mnayaangalia kila Jumamosi kwenye skrini.

Naweza kucheza DraftKings nikiwa hapa Kigoma?

Hapana. Wanaangalia simu yako iko wapi kabla ya kukuruhusu kuingia shindano la hela, na sisi hatupo kwenye maeneo yao. Wale wanaokwambia tumia VPN (programu ya kuficha uliko) hawakwambii kwamba ni kuvunja masharti, unaweza kushinda alafu akaunti ikafungwa na hela ikiwa ndani.

Kule Marekani watu kweli wanatajirika na hii kitu?

Wachache sana. Kampuni ya McKinsey ilipitia nusu ya kwanza ya msimu wa besiboli wa 2015, ikakuta asilimia 91 ya faida waliyopata wachezaji imeenda kwa asilimia 1.3 ya watu. Hao wana programu za kompyuta, wanatuma vikosi vingi kwa wakati mmoja, kuna mashindano DraftKings yanaruhusu mpaka vikosi 150 kwa mtu mmoja. Wewe na kikosi chako kimoja ulichopanga ukiwa kwenye bajaji unakutana na huyo.

Mwaka huohuo wa 2015 ikaja skendo, mfanyakazi wa DraftKings akashinda dola 350,000 kwenye FanDuel, watu wakauliza kama alikuwa ameona taarifa za ndani za nani kachaguliwa na wangapi. Kampuni zote mbili zikazuia wafanyakazi wao kucheza fantasi za hela kokote. Ukisoma pale juu nilivyoeleza habari ya wangapi wana Haaland utaelewa kwa nini taarifa ile ni mali. Ndiyo sababu hapa mtu mmoja kikosi kimoja, na ndiyo sababu mimi ninayepokea vikosi sichezi. Mnaniuliza kila mara kwa nini sichezi, jibu ni hilo.

Nikipanga kikosi sawa na cha mtu mwingine?

Mnagawana. Mkiwa wawili mmefungana juu kwenye kombe, 18,000 na 10,800 zinajumlishwa ni 28,800, kila mtu 14,400. Sasa wale mnaokopi kikosi cha mchambuzi mmoja wa mtandaoni, watano mmetuma kilekile, hata mkishinda mnagawana 36,000 yote watu watano, 7,200 kila mmoja, mshindi wa kwanza anakula hela ya wa tatu. Msikilizeni mchambuzi kwa habari za majeruhi, wapiga penati na takwimu za nafasi anazopata mtu, kikosi pangeni wenyewe.

Kwa nini tusicheze na ligi yetu ya Bara? Mashujaa tunawaona hapahapa.

Natamani kweli. Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, wakiwa nyumbani uwanja wa Lake Tanganyika nusu ya grupu iko jukwaani. Shida ni pointi, nani anaamua asisti, nani anahesabu mashuti yaliyookolewa, bei za wachezaji nani anapanga. Ikiwa mimi ndiye ninayeamua ile pasi ilikuwa asisti au mpira umemgonga tu, wiki ya pili tumeshagombana. Tunaweza kujaribu ya magoli na klinishiti peke yake, bila bei, leteni mawazo.

Hii sio kubeti? Polisi hawatatusumbua?

Tofauti na mkeka ni kwamba hushindani na kampuni, unashindana na wenzako, na ujuzi una nafasi yake. Ila hela inawekwa na bahati ipo, tusidanganyane. Michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya 2003, biashara ya namna hiyo inataka leseni. Sisi ni watu tunaojuana, hakuna anayefanya mtaji hapa, na ndiyo maana nakataa mnaponiambia tufungue kwa watu wa mkoa mzima. Anayetaka biashara aende Bodi. Chini ya miaka 18 haingii, hata kama ni mdogo wako na anajua mpira kuliko wewe. Na dau halipandi, buku 2 ni buku 2, mwenye hasira za kurudisha hela zake asubiri Jumamosi.

Mechi ikiahirishwa au bonasi zikibadilika?

Ikiahirishwa kabla hatujafunga unabadilisha mchezaji, baada ya kufunga ni sifuri, hata mvua ikinyesha Manchester sio kosa la admini. Bonasi hazithibitishwi filimbi inapolia, FPL wanazipitia kwanza, na asisti wakati mwingine wanampa mtu au kumnyang'anya baadaye. Kwa hiyo hela natuma Jumapili saa 4 asubuhi kwa pointi zinazosomeka muda huo, zikibadilika Jumatatu imepita hiyo.

Kikosi natumaje?

Inbox kwangu, sio kwenye grupu, mkituma kwenye grupu wenzenu wanasoma mmepanga nini. Anza na neno NUSU au KOMBE, alafu kipa, mabeki, viungo, mshambuliaji, bei ya kila mmoja pembeni na jumla chini, kapteni weka nyota. Jumla ikizidi 45 nakurudishia, ikiwa muda umeshapita hujacheza na buku 2 yako inahamia wiki ijayo. Muamala uje na jina unalotumia kwenye grupu, kuna watu watatu mnaitwa Juma na namba zenu zinafanana mwisho.